Chujio la Hewa: Je, Linalinda Mashine au Mapafu?

Juma hili tunaweka programu kando kidogo ili tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hapa Kenya hatujawahi kukinunua: lile chujio la hewa linalowekwa kwenye mfumo wa kupasha joto na kupoza nyumba kule Marekani. Ni fremu ya kadibodi yenye kitambaa kilichokunjwakunjwa ndani yake, basi. Lakini ukisimama mbele ya rafu dukani utakuta nambari za aina tatu tofauti zikishindania macho yako, na mnunuzi wa kawaida hukamata iliyo kubwa zaidi akaenda zake. Mimi naamini huwezi kuzielewa nambari hizo bila kujua zilikotoka, kwa sababu kila moja ilibuniwa kujibu swali fulani, na maswali yenyewe yamekuwa yakibadilika. Kwa miaka mingi swali halikumhusu anayepumua. Liliihusu mashine.

Kwa wale ambao hawajauona mfumo wenyewe: nyumba nyingi za kule zina tanuri, mara nyingi chini ya nyumba, linalotumia gesi au umeme. Feni kubwa hufyonza hewa kutoka vyumbani, huipitisha kwenye tanuri wakati wa baridi au juu ya koili baridi wakati wa joto, kisha huirudisha vyumbani kupitia njia za bati. Hewa ni ileile, inazunguka. Chujio hukaa kabla ya feni. Sisi tunafungua dirisha, mambo yanaisha. Mahali ambapo mimi hukutana na machujio ni kwenye chumba cha seva, ambako kiyoyozi kina wavu wa plastiki unaotolewa na kuoshwa bombani. Wavu huo haujali mapafu ya mtu yeyote. Kazi yake ni kuzuia vumbi lisizibe koili. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Haya, tuanze Brooklyn, New York, mwaka wa 1902. Kampuni ya uchapishaji ya Sackett & Wilhelms ilikuwa na shida: unyevu wa hewa ulipobadilika, karatasi zilitanuka na kusinyaa, na rangi zilizochapwa moja juu ya nyingine zikakosa kulingana. Mhandisi kijana, Willis Carrier, aliwabunia mtambo wa kudhibiti unyevu. Mwaka wa 1906 alipata hataza ya kifaa kilichopitisha hewa kwenye rasharasha za maji, kikaiosha na kurekebisha unyevu wake kwa pamoja. Mwaka huohuo Stuart Cramer, aliyeshughulika na viwanda vya nguo huko Kusini mwa Marekani, alibuni lile jina la Kiingereza ambalo sisi hulifupisha kuwa AC. Karatasi na nyuzi za pamba ndizo zilizokuwa wateja wa kwanza. Binadamu walifaidika kwa sababu tu walifanya kazi katika chumba kimoja na bidhaa.

Si kwamba hakuna aliyefikiria mapafu. John Tyndall, mwanafizikia wa Royal Institution ya London, alimulika mwali wa taa kwenye chumba chenye giza akaona vumbi linalong'aa katika hewa iliyodhaniwa kuwa safi. Mnamo 1870 alitoa mhadhara kuhusu vumbi na maradhi, na akaonyesha kwamba ukipumua kupitia pamba, ile hewa iliyochujwa haing'ai tena ndani ya mwali. Baadaye akatengeneza kifaa cha kupumulia kwa ajili ya wazima moto, chenye pamba na makaa ndani yake. Kwa hiyo maarifa yalikuwepo kabla ya Carrier hata kuzaliwa. Yalichokosa ni mnunuzi.

Chujio la nyumbani lilizaliwa kwa ajali. Mwaka wa 1932, katika kampuni ya Owens-Illinois, mtafiti kijana Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo kwa kioo kilichoyeyushwa. Hewa yenye nguvu ikapuliza kioo hicho, na badala ya kiungo akapata nyuzi nyembamba sana zikielea kama usufi. Msimamizi wa utafiti, Games Slayter, aliona biashara palepale. Kabla ya watu kufikiria mashua au vizuia joto vya ukutani, bidhaa ya kwanza kuuzwa kutokana na nyuzi hizo za kioo ilikuwa chujio la hewa la tanuri. Nyuzi zilipakwa mafuta yanayonata ili vumbi likigusa libaki hapo. Lilikuwa rahisi, na likichafuka unatupa.

Chujio la namna hiyo bado linauzwa leo: jembamba, la inchi moja, unaweza kuona mwanga ng'ambo ya pili. Watu hulicheka. Mimi silicheki, maana linafanya kile hasa lilichobuniwa kufanya, yaani kuzuia nywele za mbwa na mabonge ya vumbi yasiingie kwenye feni na koili. Ni kama ule wavu wa chumba cha seva. Ukilidai lizuie moshi, unalionea.

Sasa turuke hadi vitani, kwa sababu chujio la mapafu lilitoka huko. Katika Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walichunguza vinyago vya gesi vya Wajerumani na kukuta karatasi iliyochanganywa na nyuzi za asbestosi, iliyozuia moshi wenye sumu vizuri ajabu. Wamarekani waliiga na kuiboresha, na muda si muda karatasi hiyo ikahitajika kwenye mradi wa bomu la nyuklia, ambako vumbi kidogo tu lenye mnururisho lilitosha kumdhuru mtu. Mmoja wa waliofanyia kazi nadharia yake ni Irving Langmuir, aliyekuwa tayari amepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 1932.

Hapa kuna jambo tamu kwa wapenda algoriti. Mtu hudhani chujio ni kama chekecheke: tundu dogo huzuia kubwa, na kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyopenya. Sivyo. Chembe kubwa ni nzito, hazikati kona. Hewa inapopinda kuuzunguka uzi, zenyewe husonga mbele moja kwa moja zikagonga. Chembe ndogo mno husukumwasukumwa na molekuli za hewa, hutangatanga kama mlevi, na mwishowe hugusa uzi. Zinazosumbua ni za katikati: nyepesi kiasi cha kufuata hewa kwenye kona, nzito kiasi cha kutotangatanga. Hesabu za Langmuir zilionyesha saizi hiyo mbaya kuwa karibu mikroni 0.3, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Ndiyo maana chujio la HEPA, jina lililoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960, hupimwa hapo: lizuie asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Yaani lipimwe pale lilipo dhaifu zaidi. Wangapi kati yetu huandika majaribio ya programu kwa roho hiyo?

Mwaka wa 1957 ulileta mitihani miwili katika muda wa mwezi mmoja. Tarehe 11 Septemba, katika kiwanda cha Rocky Flats karibu na Denver, ambako plutoni ya mabomu ilichongwa, moto ulizuka ndani ya kisanduku cha kufanyia kazi na kufikia machujio ya hewa inayotoka nje. Machujio yenyewe yalitengenezwa kwa vitu vinavyowaka, yakawaka, na plutoni ikatoka. Baada ya hapo karatasi ya nyuzi za kioo isiyoshika moto ikawa ndiyo njia.

Tarehe 10 Oktoba ikawa zamu ya Windscale, Uingereza. Kinu cha nyuklia kilichopozwa kwa hewa kilishika moto. Juu kabisa ya bomba lake la moshi palikuwa na machujio ambayo Sir John Cockcroft alisisitiza yawekwe wakati ujenzi ulikuwa umeshaanza, kwa gharama kubwa, hadi watu wakayabandika jina la upumbavu wa Cockcroft. Siku ya moto yakanasa sehemu kubwa ya vumbi lenye mnururisho, na tangu hapo utani ukakosa ladha. Lakini sikiliza upande wa pili: iodini yenye mnururisho ilipita kwa wingi, kwa sababu ilikuwa na umbo la gesi, na maziwa ya mashamba katika eneo la karibu kilomita mraba 500 yakamwagwa. Chujio la nyuzi hunasa chembe. Gesi si chembe. Leo mtu akinunua chujio la nambari kubwa ili aondoe harufu ya rangi mpya nyumbani, anarudia swali ambalo lilijibiwa Windscale. Harufu inahitaji makaa maalumu, tena kwa wingi, si yale machache ya kupakwa juu ya kitambaa.

Wakati huo wote, machujio ya nyumbani yalipimwaje? Kwa mizani. Unapuliza vumbi la maabara, unapima uzito ulionaswa, unatoa asilimia. Inasikika vizuri mpaka upige hesabu. Chembe ya mikroni 10 ina uzito sawa na chembe 1,000 za mikroni 1, kwa sababu uzito huenda kwa mchemraba wa kipenyo. Tuseme zimekuja chembe moja kubwa na ndogo 100. Chujio likinasa ile kubwa tu na kuachilia zote ndogo, mizani itasema limefaulu kwa asilimia 91. Mapafu yatasema limenasa moja kati ya 101. Huu si uongo wa mtu. Kwa mwenye feni, uzito ndio jambo la maana.

Kipimo cha pili, kilichopendekezwa na R. S. Dill wa ofisi ya viwango ya Marekani mwaka wa 1938, kilitazama jinsi hewa iliyochujwa inavyochafua karatasi nyeupe. Bora kidogo, kwa kuwa masizi ni chembe ndogo. Lakini tazama swali lililo nyuma yake: je, kuta na dari zitapata weusi? Tumetoka kwenye feni tukafika kwenye rangi ya ukuta. Mapafu bado yako kwenye foleni.

Ni mwaka wa 1999 tu ambapo ASHRAE, chama cha wahandisi wa fani hii, kilitoa kiwango cha 52.2 na kuleta nambari za MERV, kutoka 1 hadi 16. Sasa chembe zilihesabiwa, si kupimwa uzito, katika makundi 12 ya ukubwa kuanzia mikroni 0.3 hadi 10. Tena chujio hulishwa vumbi hatua kwa hatua, na kinachoandikwa ni matokeo mabaya zaidi liliyopata njiani, sio mazuri zaidi. Mimi hiki kiwango nakiheshimu.

Kiwango kinatoa nini basi? Kwa toleo la sasa, chujio la MERV 8 linatakiwa linase angalau asilimia 70 ya chembe za mikroni 3 hadi 10: chavua, vumbi la zulia. Kwa chembe za mikroni 0.3 hadi 1 halidaiwi chochote. Sifuri. MERV 11 inadaiwa asilimia 20 ya hizo ndogo. MERV 13 inadaiwa 50, pamoja na 85 kwa zile za mikroni 1 hadi 3. Moshi wa misitu inayoungua uko zaidi kwenye lile kundi dogo kabisa. Basi kati ya 8 na 13 hatuzungumzii ubora kidogo wa ziada; moja haikuulizwa swali ambalo nyingine imelijibu.

Nambari nyingine kwenye pakiti ni za wauzaji. 3M wana MPR, inayohesabiwa mamia na maelfu na kuangalia hizo chembe ndogo; Home Depot wana FPR, inayoishia 10. Kwa hiyo 1900 ya mmoja, 10 ya mwingine na 13 ya ASHRAE zinaweza kuwa chujio la daraja moja. Ni sawa na simu zinazouzwa kwa wingi wa megapikseli. Ukipata MERV kwenye pakiti, shika hiyo.

Ngoja kidogo, kuna hila moja zaidi. Kitambaa kinachonasa chembe ndogo bila kuzuia hewa sana huwa kina umemetuli. Nyuzi zake nyembamba za plastiki zina asili ya kivita pia: katika miaka ya 1950 Van Wente, kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani, alitafuta nyuzi za kunasa vumbi la majaribio ya nyuklia angani, akayeyusha plastiki na kuipuliza kwa hewa moto. Katika miaka ya 1970 Mholanzi Jan van Turnhout alipata hataza ya kutengeneza machujio kwa plastiki iliyotiwa chaji ya kudumu. Mbinu za ukoo huo ndizo zilizotupa barakoa za N95. Lakini chaji hupungua moshi na vumbi laini vinapozifunika nyuzi, na chujio linaweza kuwa dhaifu kabla halijaonekana kuchafuka. Mwaka wa 2008 ASHRAE iliongeza jaribio la hiari la kuondoa chaji kwanza ndipo upime. Matokeo yake huandikwa MERV-A. La hiari, nasema. Utalitafuta sana kwenye pakiti.

Binamu yangu anaishi New Jersey, na mtoto wake ana pumu. Juni 2023 moshi wa misitu ya Kanada ulipofunika pwani ile ya mashariki na anga la New York likawa rangi ya chungwa, alinipigia simu kuuliza kama anunue chujio lenye nambari kubwa kuliko zote dukani. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa mitambo katika ukoo, hata tanuri ambalo sijawahi kuligusa ni langu. Nilimwambia aanze na feni, si chujio.

Mifumo mingi ya nyumbani imekadiriwa kufanya kazi dhidi ya shinikizo la takriban paskali 125 kwa jumla: koili, njia za hewa, matundu ya ukutani na chujio, vyote vinagawana hizo. Njia zikiwa nyembamba, bajeti imeshaliwa kabla chujio halijafika mezani. Ukiweka kitambaa kizito cha inchi moja, hewa inapungua. Wakati wa joto koili inaweza kuganda barafu. Wakati wa baridi tanuri linapata joto kupita kiasi na swichi ya usalama inalizima. Mota za kisasa hujaribu kufidia kwa kuzunguka kwa nguvu zaidi, na bili ya umeme ndiyo inayosema.

Dawa ni eneo. Hewa inayopita polepole kwenye nyuzi hupata upinzani unaokaribiana na mwendo wake, hivyo ukiongeza eneo la kitambaa maradufu, kila sehemu hupitisha nusu ya mwendo na upinzani hushuka karibu nusu. Hii ndiyo sababu ya mikunjo, na ndiyo sababu chujio la inchi 4 la MERV 13 linaweza kupumua vizuri kuliko la inchi 1 la daraja hilohilo. Lakini lazima nafasi yake iwepo kwenye mfumo. Kwa binamu haikuwepo.

Bahati nzuri ni kwamba swali hilo lilikuwa limeshajibiwa na wengine wakati wa Korona. Mwaka wa 2020 ASHRAE ilipendekeza MERV 13 pale mfumo unapoweza kuhimili, kwa majengo ambayo mengi hayakujengwa kwa hiyo. Mwaka huohuo mhandisi Richard Corsi na Jim Rosenthal, mwenye kampuni ya machujio huko Texas, walikuja na kisanduku: machujio manne au matano ya MERV 13 yanayoungwa kwa gundi ya utepe kuwa kuta za boksi, na feni ya kawaida ya dirishani juu yake ikifyonza hewa. Hakuna hataza, hakuna programu ya simu. Machujio yanasaidiana kwa pamoja, eneo ni kubwa, kwa hiyo hata feni dhaifu inaweza. Asilimia 50 kwa kila mzunguko si HEPA, lakini hewa ya chumba ikipita humo mara kadhaa kwa saa, inasafika. Ukiniuliza mimi, ni mojawapo ya kazi safi za uhandisi za muongo huo.

Basi binamu aliweka MERV 11 kwenye tanuri, akaziba kwa utepe mwanya uliokuwa pembeni mwa fremu, maana hewa haitapita kwenye kitambaa ikiwa kuna mlango wazi kando. Aliweka swichi ya feni izunguke muda wote badala ya kusubiri joto, kwa sababu chujio halisafishi chochote feni ikiwa imelala. Kisanduku kilikaa chumbani kwa mtoto. Kingine alichopaswa kujua ni kwamba saizi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, kama 16 kwa 25 kwa 1, si saizi halisi. Halisi huwa pungufu kidogo kila upande na huandikwa kwa herufi ndogo, hivyo apime tundu kwa futi kabla ya kulipa. Tarehe ya kuweka aiandike kwa kalamu kwenye kadibodi, kwani baada ya juma la moshi ratiba ya miezi mitatu haina maana. Na mshale ulio kwenye fremu uelekee feni.